"Turn down" ilivyonitoa jasho Nungwi

Nilipoanza kazi ya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja huku Nungwi, Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. "Turn down" niliijua: kukataa. "He turned down the job," alikataa kazi. Jioni moja simu ikalia, mgeni akasema, "Could you turn down our room, please?" Nikaitikia, nikakimbilia mapokezi kuwaambia wageni wamekikataa chumba. Wenzangu wakaanza kuhangaika na funguo za chumba kingine.

Msimamizi wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mdogo wangu, hajakataa kitu. Anataka kitanda kiandaliwe cha kulala." Tukaenda wote. Akafunga mapazia, akaondoa mito ya mapambo, akaikunja pembe ya shuka ikawa pembetatu, akashusha chandarua na kukichomeka chini ya godoro, akazima taa kubwa. Asumini mbili tatu juu ya mto, basi. Ile shuka inayogeuzwa kuelekea miguuni ndiyo "turn down" yenyewe.

Usiku ule nililifuta daftari langu lote. Nilikuwa nimeandika kila neno na maana yake moja, kama bei za nyanya. Sasa nikaandika na kile kinachofuata: ofa, unakataa, muziki, unapunguza sauti, kitanda, unakunja shuka. Na kwa nini nilishangaa? Sisi wenyewe tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata tamaa, kisu hakipo hata kimoja. Ya muziki nilijikumbushia kandili ya bibi: ukizungusha kile kidude utambi ukashuka, mwanga unapungua. Ukizungusha kinyume, hiyo ni "turn up". (Ingawa dereva asipotokea, naye "didn't turn up". Haya.)

Kilichonichelewesha zaidi ni "it". Muziki unaweza kukaa kati au mwishoni, "turn the music down" na "turn down the music" zote sawa. Lakini "it" lazima ibanwe katikati: "turn it down". Kwa miezi nilisema "turn down it", wageni wakanielewa kwa huruma.

Mpaka leo kuna moja inanishinda: kiyoyozi. Mgeni akisema "turn it down", mmoja anataka baridi ipungue, mwingine anataka namba ishuke, yaani baridi izidi. Siku hizi sibahatishi. Nashika rimoti, namuuliza: "Colder or warmer?"