Alhamisi ya soko, Nyamukubi

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, kijiji cha Kalehe kando ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Ndiyo maana mafuriko yalipokuja watu walikuwa wengi kupita kawaida. Mama mdogo alikuwa ameuza ndoo moja ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akabakiwa na nusu ya pili. Anasema hakusikia maji. Alisikia mawe, yakigongana huko juu kama ngoma zisizo na mpangilio. Akaacha ndoo, akakimbilia mlimani na kandambili mguu mmoja.

Bushushu, kijiji jirani, nako kulisombwa. Maiti zilizookotwa Kalehe zilipita 400, nyingine ziwani.

Nilipofika kutoka Bukavu, matope hayajakauka lakini lawama zilikuwa zimeiva. Mzee mmoja aliwashutumu wakata miti ya makala, yaani mkaa. Kijana akadakia: nani aliwaambia wajenge kwenye njia ya mto?

Mama mdogo akamgeukia. "Baba, vita vilitutoa kule juu. Ulitaka tujenge wapi, ndani ya ziwa?"

Kijana akanyamaza. Nami pia, maana kwetu Bukavu tunapikia makala kila siku, na sijawahi kuuliza yanatoka kilima gani.

Baadaye akaja mkubwa mmoja, viatu vyake safi (sijui alipita wapi), akasema watu walishakatazwa kukaa pale. Walikoruhusiwa hakupataja.

Ndoo tuliipata karibu na ufuko, mama mdogo akaitambua kwa kamba ya bluu mpinoni. Ilijaa mchanga. Tulijaribu kuinyanyua wawili, ikatushinda.