Upasuaji umelipiwa, dawa je?
Bajeti nyingi za umma hulipia kupandikiza figo, kisha husuasua kwenye dawa. Ubahili wa ajabu. Takrolimasi ya kawaida, dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo mpya, humezwa kila baada ya saa 12, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Damu ya kupima kiwango chake hutolewa asubuhi kabla ya dozi. Ukishameza, majibu yanapotosha. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha kiwango hicho, flukonazo ya fangasi na juisi ya balungi hukipandisha. Bohari ikiishiwa dawa, kinga ya mwili inaweza kuishambulia figo bila maumivu yoyote. Mara nyingi kreatinini iliyopanda, yaani taka ya mwili ambayo figo huichuja kwenye damu, ndiyo dalili ya kwanza. Figo ikifa, mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, kwa fedha zilezile za umma.