Miezi 14 bila jina la kazi yangu

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, amevishwa zile soksi nyekundu za hospitali zenye vidoti vya mpira kwenye nyayo. Alikuwa amevunjika nyonga, na ilikuwa siku ya tatu tangu afanyiwe upasuaji. Nikamsogezea fremu ya kutembelea, nikamwambia kwa Kiingereza asogee mbele kidogo kabla ya kuinuka. Akanitazama uso, akaitazama beji yangu, kisha akauliza kwa Kiswahili: "Wewe toka Kenya?"

Leicester usishangae. Wahindi waliohamia huku kutoka Kenya na Uganda ni wengi, na wazee wao bado wanacho Kiswahili cha dukani, kile kisichojali ngeli. Mzee huyu alizaliwa Kisumu. Tulipiga soga huku anapiga hatua, nne kwenda na nne kurudi, mpaka akaniuliza swali lililonichoma: "Sasa wewe ndiyo daktari ya mazoezi?"

"Hapana, baba," nikamjibu. "Mimi ni msaidizi tu."

Nilikuwa na miaka 13 ya kazi hiyo hiyo mikononi mwangu.

Niliingia Uingereza mwaka 2022 nikimfuata mume wangu, ambaye ni muuguzi. Viza yangu iliniruhusu kufanya kazi, na nafasi ya msaidizi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na kukanda, ikapatikana haraka. Shida haikuwa kazi. Shida ilikuwa jina. Nchini Uingereza neno "physiotherapist", na pacha wake "physical therapist", ni mali ya sheria. Anayeruhusiwa kujiita hivyo ni aliye kwenye rejista ya HCPC, baraza linalosimamia taaluma 15 za afya, ofisi yake ikiwa Kennington, London. Ukijiita hivyo kwa nia ya kumdanganya mtu na humo jina lako halimo, hilo ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini. Tena si lazima utamke waziwazi. Hata kumfanya mtu aamini hivyo kwa kuashiria kunaweza kukutia matatani. Ndiyo maana sikumwambia mzee "kwetu mimi ni daktari ya mazoezi". Ingekuwa kweli, lakini niliogopa.

Kitu kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba sheria ile haikatazi mikono, inakataza mdomo. Mtu yeyote anaweza kufungua chumba, akaweka kitanda, akakanda migongo ya watu na kuwafundisha mazoezi, mradi asijiite mfiziotherapia. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2014 inakwenda mbali zaidi: huna usajili na leseni ya baraza, hufanyi kazi hiyo, basi. Nilipomaliza diploma mwaka 2009 hata hiyo sheria haikuwapo. Ukiwa na cheti na koti jeupe ulikuwa umefika. Mtaani kwetu Majengo, Mombasa, watu hawakuona tofauti kati yangu na shangazi yangu, ambaye amekanda kina mama waliojifungua na walioteguka viungo tangu mimi sijazaliwa. "Shangazi na mwanawe wote wakandaji," walisema, na shangazi alifurahi sana. Mimi nilinuna.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Waingereza nao walianzia huko huko kwenye kukanda. Mwaka 1894 wauguzi wanne waliunda chama cha wanawake wakandaji waliofunzwa, kwa sababu neno hilo lilikuwa limeingia doa: madanguro ya London yalikuwa yakijitangaza kama nyumba za kukanda mwili. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa Chartered Society of Physiotherapy, chama cha wafiziotherapia wa Uingereza. Wale kina mama walikuwa wakipigania jina lao. Nilimsimulia shangazi kwa simu, akacheka mpaka akakohoa.

Turudi kwenye faili langu. Nilianza maombi ya kuingia kwenye rejista ya HCPC Oktoba 2022. Yote hufanywa mtandaoni: pasipoti, vyeti vilivyothibitishwa, barua za wasimamizi wa kazi, uthibitisho kutoka baraza la nyumbani kwamba huna kesi ya nidhamu, matokeo ya Kiingereza, na fomu ya maelezo ya kozi. Unalipa ada ya kukaguliwa faili, na ada hiyo hairudishwi hata ukikataliwa. Ukikubaliwa unalipa nyingine ya kuingizwa kwenye rejista. Pangeni bajeti ya zote mbili tangu mwanzo. Mimi sikupanga, na Desemba ile tulikula maharage sana.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Leseni yangu ya Kenya ilikuwa imeisha muda. Nilipoacha kazi kujiandaa na safari niliona hakuna haja ya kuihuisha. Naenda zangu, ya nini? Kumbe baraza haliwezi kukuandikia kwamba u mwanachama safi wakati leseni yako imelala. Ilibidi nihudhurie mafunzo kwa mtandao ili nipate pointi zinazotakiwa, nilipe, nisubiri. Kama unasoma haya ukiwa bado nyumbani, huisha leseni kabla hujafunga sanduku.

Kiingereza nacho kilinichelewesha. Walitaka mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, wastani wa 7.0, na pasiwe na kipengele chini ya 6.5. Mara ya kwanza nilipata 8 kwenye kusikiliza na 6 kwenye kuandika. Mimi niliyeandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza miaka yote hiyo! Nilirudia baada ya wiki sita, nikapita. Sina zaidi ya kusema juu ya mtihani huo.

Fomu ya kozi ndiyo iliyonizeesha. Hiyo huijazi wewe. Inajazwa na chuo ulichosoma: masomo yote, saa za darasani, saa za mafunzo kwa wagonjwa na idara ulizopitia, kisha inapigwa muhuri na kusainiwa. Chuo changu cha diploma nilikiandikia baruapepe tano. Kimya. Nikapiga simu, nikaambiwa faili za miaka hiyo ziko stoo na mwenye ufunguo yuko likizo. Mwishowe binamu yangu aliomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe na fomu mkononi, akaketi kwenye korido siku mbili. Siku ya pili alinipigia: wamelipata faili, lakini karatasi ya saa za mafunzo kwa wagonjwa haimo.

Nilikaa kitako jikoni. Halafu nikakumbuka buku.

Wakati wa mafunzo kila mwanafunzi alikuwa na buku la kuandikia: tarehe, wodi, idadi ya wagonjwa, saa, sahihi ya msimamizi. La kwangu lilikuwa na jalada la bluu lililobanduka pembeni. Nilimpigia shangazi. Akafungua sanduku lake la kanga, na chini kabisa, kati ya kanga alizowekewa na marehemu mama yake, buku likawamo. Alinitumia picha ya ukurasa mmoja mmoja kwa WhatsApp, kidole gumba chake kikionekana pembeni mwa kila picha: wodi ya mifupa wiki sita, watoto wiki nne, wagonjwa wa kiharusi, wodi ya kifua, mihuri ya zambarau imefifia lakini inasomeka. Binamu akalipeleka buku lenyewe chuoni, afisa akalilinganisha na alama zangu, akajaza saa, akapiga muhuri. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu baruapepe ya kwanza.

Na muda huo haukuwa wa bure. HCPC wana kanuni juu ya mtu aliyekaa nje ya taaluma: ukipitisha miaka miwili unatakiwa kufanya siku 30 za kujinoa upya, ukipitisha mitano ni siku 60. Kila mwezi chuo kilipokaa kimya, mimi nilihesabu kwenye kalenda.

Faili likafika kwa wakaguzi, ambao ni watu wa taaluma yenyewe. Kazi yao ni kuchukua viwango vya umahiri, hoja kwa hoja, na kutazama kama masomo yako pamoja na uzoefu wako vinavifikia. Jibu lililorudi halikuwa ndiyo wala hapana. Walisema hawajaona ushahidi wa kutosha katika mambo mawili: tiba ya kifua kwa mgonjwa mahututi, na jinsi ninavyotumia utafiti kuamua matibabu. Nilikasirika. Kifua! Nimefanya kazi ICU, wodi ya mahututi, miaka mitatu!

Nilirudi kusoma nilichokuwa nimeandika. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Nina uzoefu mkubwa wa kuwahudumia wagonjwa wenye matatizo ya kifua." Sentensi nzuri, imevaa suti, lakini ndani hamna mtu. Dada mmoja mfiziotherapia kazini kwetu, aliyetoka Ufilipino na kupitia njia hiyo hiyo, aliisoma akaniambia: wao hawakujui, waoneshe mgonjwa mmoja.

Basi nikawaonesha mmoja, bila jina lake. Kijana wa bodaboda, amegongwa na matatu, mbavu tatu zimevunjika, ana mrija wa kifuani upande wa kulia. Nimeitwa asubuhi kwa sababu oksijeni imeshuka mpaka asilimia 88 na makohozi hayatoki. Maumivu yanamzuia kukohoa. Nikaandika nilichokisikia kwa stetoskopu na upande gani. Kwa nini sikumpigapiga kifua, kwa sababu ya mbavu. Nilivyozungumza na muuguzi apate dawa ya maumivu kwanza, nikasubiri nusu saa. Nilivyomlaza, nilivyomfundisha kuvuta pumzi ndefu na kuitoa kwa kusukuma kama anayepuliza moshi kwenye kioo, huku amekumbatia taulo lililokunjwa upande wa mbavu. Tulifika asilimia 94. Kisha nikaandika ni ishara gani zingenifanya niache na kumwita daktari. Hiyo ya mwisho nadhani ndiyo waliyoitaka zaidi: kwamba najua mpaka wangu ulipo, na kwamba uamuzi nilikuwa nao mimi. Huku mfiziotherapia hangoji daktari amwandikie afanye nini, anapima na kuamua mwenyewe, na kosa likitokea anajibu mwenyewe.

Juu ya utafiti nilieleza jinsi nilivyobadili namna ya kuwashughulikia wenye maumivu ya mgongo. Zamani tuliwalaza chini ya taa ya joto na kuwapa mapumziko. Niliposoma miongozo mipya nikaanza kuwaamsha mapema na kuwapa mazoezi, na nikaanza kupima uwezo wao kabla na baada badala ya kuwauliza tu "unajisikiaje". Kurasa mbili zilitosha.

Baruapepe ilikuja Desemba 2023, siku ya Jumanne, nikiwa mapumzikoni nakula wali wa jana. Nikalipa ada ya usajili hapo hapo kwa simu, na siku chache baadaye jina langu likatokea kwenye rejista, mbele yake nambari inayoanza na PH. Rejista hiyo iko wazi kwa kila mtu. Nilimtumia shangazi kiungo, akauliza kama ni matokeo ya mtihani. Nikamwambia ndiyo, maana si mbali sana na ukweli.

Jambo moja hakuna aliyenidokeza: wafiziotherapia wote huhuisha usajili kwa mpigo, kila baada ya miaka miwili, mwisho tarehe 30 Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mimi niliyeingia Desemba nilitakiwa kuhuisha Aprili 2024, miezi minne tu baadaye. Kama nisingefungua baruapepe yao ya kunikumbusha, nikidhani ni tangazo, ningeng'oka kwenye rejista kabla sijaizoea. Unapohuisha unathibitisha kwamba bado unafanya kazi, una bima ya kuwalipa unaoweza kuwadhuru, na unaendelea kujifunza. Katika kila mzunguko huteuliwa asilimia 2.5 ya watu kwa bahati nasibu watoe ushahidi wa kujifunza huko. Aliye kwenye rejista chini ya miaka miwili haguswi, ila mimi nimeshanunua daftari. La bluu.

Siku yangu ya kwanza na cheo kipya nilipangiwa bibi mmoja aliyeteguka goti. Nikampima, nikapanga matibabu, nikaketi kuandika kwenye faili lake. Miezi 14 kila nilichokiandika kilipitiwa na kusainiwa na mwingine, na mkono ulikuwa umezoea. Nilipomaliza nikaona nimeandika chini, kwa hati nzuri kabisa: msaidizi wa fiziotherapia. Kwenye faili la mgonjwa huruhusiwi kufuta. Unapiga mstari mmoja unaoacha neno likisomeka, unatia tarehe na herufi za jina lako, kisha unaandika lililo sahihi pembeni. Nikapiga mstari.