Siku Tatu Nikifuata Nyayo za Benjamin Siegel

Niliingia Las Vegas saa nne usiku, na kitu cha kwanza kilichonivuta macho kilikuwa taa za hoteli ya Flamingo, jina ambalo kwa Kiingereza ni heroe, zilizopangwa mfano wa manyoya ya heroe na kuwaka kwa rangi ya waridi na ya machungwa. Mimi nimekulia Arusha, ambako heroe ni ndege wa Ziwa Natron, wanaosimama katika maji ya magadi kwenye joto kali, na sikuwahi kumhusisha ndege huyo na anasa. Nilicheka peke yangu barabarani. Sikuja kucheza kamari. Nilikuja kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikisoma habari za Benjamin Siegel, jambazi aliyesimamia ujenzi wa hoteli hiyo, na kila nilichosoma kilieleza risasi na wanawake wake, huku mke na mabinti wawili wakipewa sentensi moja tu.

Asubuhi nilikwenda kwanza kwenye bustani ya nyuma, ambako heroe hai huteleza miongoni mwa samaki wa mapambo, na ambako kuna kibao cha kumkumbuka Siegel. Kibao hicho ndicho karibu kila kitu kilichobaki, kwa maana jengo la mwisho la enzi zake lilibomolewa mwaka 1993. Ndani ya hoteli kuna mkahawa wa nyama uliofunguliwa mwaka 2020 na kupewa majina ya Bugsy na Meyer, yaani yeye na rafiki yake, jambazi mwenzake Meyer Lansky. Jina la utani la Bugsy lilitokana na msemo wa Kimarekani unaomfananisha mwendawazimu na kunguni, naye alilichukia kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Leo limeandikwa kwenye orodha ya vyakula.

Husemwa pia kwamba aliibuni Flamingo peke yake katika jangwa tupu. Si kweli. Kamari ilikuwa halali Nevada tangu mwaka 1931, na El Rancho Vegas ilikwishafunguliwa kando ya barabara hiyo hiyo mwaka 1941. Flamingo yenyewe ilianzishwa na Billy Wilkerson, mchapishaji wa gazeti la Hollywood, ambaye alikuwa mcheza kamari sugu na aliishiwa fedha ujenzi ukiwa katikati. Siegel na wenzake wakaingia kama wabia, kisha wakamsukuma pembeni. Gharama zikapanda hadi kufikia takriban dola milioni 6, kwa fedha za watu wasiosamehe hasara. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa habari zilifika New York, kwa wenye fedha hizo, mapema sana. Ufunguzi wa tarehe 26 Desemba 1946 ulifanyika kabla vyumba vya wageni havijakamilika, hivyo walioshinda mezani walibeba ushindi wao wakaenda kulala, na kucheza, katika hoteli za jirani. Mwezi uliofuata kasino ikafungwa, na ikafunguliwa tena Machi 1947.

Mchana nilipanda basi hadi katikati ya mji, nikaitazama El Cortez, ambayo Siegel na wenzake waliinunua mwaka 1945 kwa dola 600,000 na ambayo bado imesimama, kisha nikaingia katika makumbusho ya magenge ya wahalifu, yaliyomo katika jengo la zamani la mahakama na posta. Ghorofani kipo chumba ambamo kamati ya Seneta Kefauver, iliyochunguza magenge ya wahalifu, ilisikiliza mashahidi mwezi Novemba 1950. Niliketi humo kwa muda mrefu, nikiyapanga yale niliyoyajua juu ya familia yake. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1906 katika familia maskini ya wahamiaji wa Kiyahudi, akapata fedha zake za mwanzo katika pombe ya magendo, na mwaka 1929 akamwoa Esta Krakower. Shemeji yake, Whitey Krakower, alihusishwa na mauaji ya mwaka 1939 ambayo Siegel mwenyewe alishtakiwa kwayo, na aliuawa mtaani New York mwaka 1940 kabla ya kesi kwisha. Siegel akaachiwa huru. Esta aliendelea kuwa mke wake hadi talaka ya mwaka 1946, na sijui ni mazungumzo gani yaliyofanyika katika nyumba ile kwa miaka hiyo sita.

Siku ya pili nilikodi gari kuelekea Los Angeles. Mkenya aliyekuwa mwenyeji wangu alinisisitizia, "Ndugu yangu, jaza maji na mafuta kabla ya Baker." Nilimshukuru nilipokiona kipimajoto cha mji huo, chenye urefu wa zaidi ya mita 40.

Jioni nilipita Beverly Hills, mbele ya nyumba aliyoipanga kipenzi chake, Virginia Hill. Ni makazi ya watu, kwa hiyo sikusimama. Usiku wa tarehe 20 Juni 1947, Hill akiwa Ulaya, Siegel alikuwa ameketi sebuleni na rafiki yake Allen Smiley pale risasi zilipopenya dirishani na kumuua. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Usiku huo huo majambazi wenzake Gus Greenbaum, Moe Sedway na Morris Rosen walitwaa uongozi wa Flamingo. Esta na mabinti, Millicent na Barbara, walikuwa ndani ya treni wakija kukaa na baba yao wakati wa likizo. Mwili ulitambuliwa na mdogo wake Siegel, Maurice, ambaye alikuwa daktari.

Miaka kadhaa baadaye Millicent aliolewa na mtoto wa Morris Rosen. Nililifikiria jambo hilo usiku kucha. Wengine wataona ni ukatili wa majaliwa. Mimi naona kwamba binti aliyelelewa ndani ya duara lile hakuwa na watu wengine wa kuoana nao, na kwamba ndani yake hata adui ni jamaa. Alimaliza maisha yake Las Vegas, akafariki mwaka 2017.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye makaburi ya Hollywood Forever. Amehifadhiwa katika jengo la Wayahudi, kwenye ukuta wenye mamia ya vibao vinavyofanana, na nilimpita mara mbili kabla ya kumwona. Kibao hakitaji kasino, wala Bugsy. Kina jina lake kamili na miaka miwili, 1906 na 1947, na juu yake maneno machache ya kumkumbuka kwa upendo, kutoka kwa familia. Mtu fulani alikuwa amelibusu jiwe hilo, akaacha alama ya rangi ya mdomo.