Siku moja wadi ya watoto wachanga, Malindi: matapishi yakiwa ya kijani

Saa 1 asubuhi. Kupokezana zamu. Mtoto wa siku ya pili, kilo 2.5, ametapika mara tatu tangu alfajiri. Swali la kwanza ni rangi. Kijani ni nyongo, na nyongo kwa mtoto mchanga tunaihesabu utumbo uliozibika mpaka ithibitike vingine. Bibi yake asema ni mchango tu. "Bibi, asipewe kitu mdomoni, hata tone la maji."

Saa 1:30. Mpira wa puani hadi tumboni, namba 8. Namba 5 huziba upesi. Mdomo wa mpira tunauacha wazi, umwage kwenye mfuko, na kila saa tunavuta kwa bomba la sindano. Kosa la mara kwa mara ni kuufunga: tumbo hujaa, mtoto hutapika, nyongo huingia mapafuni. Kinachotoka hupimwa na kufidiwa mshipani kwa saline, yaani maji ya chumvi, mililita kwa mililita. Hiyo ni mbali na dripu ya dekstrosi (sukari) asilimia 10, mililita 8 hivi kwa saa. Vitamini K miligramu 1, kisha antibiotiki.

Saa 3. Eksirei: viputo vitatu vikubwa vya hewa juu, chini hakuna gesi kabisa. Utumbo mwembamba umekatika karibu na mwanzo wake, mara nyingi kwa sababu damu haikufika kipande hicho mimba ikikua. Mama hakukosea lolote, na tunamwambia papo hapo. Angekuwa amelegea, au choo kina damu, tungehofia utumbo uliojisokota. Huo hufa kwa saa chache.

Saa 5. Ambulensi ya Mombasa, kilomita 120 hivi. Kofia, soksi, kifuani kwa mama, kiyoyozi kizimwe. Mtoto akifika baridi, nusukaputi hungoja apate joto.

Saa 10 alasiri. Thieta. Mpasuaji hufungua juu ya kitovu, upande wa kulia. Juu ya kizuizi utumbo umevimba, chini ni mwembamba kama uzi. Sehemu iliyovimba sana hukatwa, kwani haisukumi chakula hata ikiungwa vizuri. Saline hupitishwa upande wa chini kutafuta kizuizi cha pili. Kikisahaulika, mtoto hurudi kufunguliwa tena. Ndipo ncha huungwa kwa uzi mwembamba wa 5-0 unaoyeyuka, na utumbo uliobaki hupimwa kwa sentimita.

Saa 2 usiku. Simu: ametoka salama. Mpira utabaki puani siku kadhaa, mpaka kinachotoka kipungue na kijani kiishe. Mama tayari anakamua maziwa kila saa tatu, na yanawekwa kwenye friji yakimngojea.