Siku ya tatu jani hujaa buluu

Kwenye maabara ninayofanyia kazi, tumbaku ndiyo mmea wa kujifunzia. Tunakata jani vipande vidogo, tunavichovya kwenye maji yenye bakteria aitwaye Agrobacterium, kisha tunaviacha gizani siku mbili tatu. Bakteria huyo tumembebesha jeni ya GUS. Seli ya mmea ikiisoma jeni hiyo, hutengeneza kimeng'enya kinachogeuza dawa isiyo na rangi kuwa buluu. Siku ya tatu nikilaza kipande kwenye dawa hiyo usiku kucha, nikakiosha kwa spiriti mpaka ukijani wote utoke, kingo zake huonekana zimejaa madoa ya buluu. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hushangilia, wakiamini kazi imekwisha. Huwa nawaomba watunze vipande vingine vya kundi hilohilo, tuvipime baada ya wiki kadhaa. Vikipimwa, madoa ni ya kuhesabu.

Sasa ile DNA ya siku ya tatu, yaani jeni tuliyoingiza, ilikwenda wapi?

Agrobacterium huishi udongoni na huingia mmea kupitia jeraha. Shina likikwaruzwa hutoa kemikali ambazo bakteria huzihisi, naye hukata uzi mmoja wa DNA kutoka kwenye plasmidi yake, duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, na kuupitisha hadi ndani ya seli ya mmea, protini iitwayo VirD2 ikiwa imeng'ang'ania kichwani mwa uzi. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake huko Seattle, Marekani, walionyesha kwamba kipande cha plasmidi hiyo kimo ndani ya seli za uvimbe ambao bakteria huyu husababisha. Sisi tunaondoa jeni za uvimbe na kuweka tunazotaka.

Uzi ukishafika kwenye kiini cha seli hupata mwenzake, ukawa DNA ya nyuzi mbili. Hapo bado haujaungana na kromosomu yoyote. Unaelea tu, lakini seli inausoma! Buluu ya siku ya tatu kwa sehemu kubwa ni hiyo. Vimeng'enya vya seli huendelea kuitafunatafuna DNA hiyo inayoelea, na seli zinapogawanyika haina namna ya uhakika ya kurithishwa. Nyingi hupotea kabisa.

Inayobaki hubaki kwa sababu seli yenyewe imeishona. DNA ya mmea hukatika mara kwa mara, na seli ina mafundi wake wa kuunga ncha zilizokatika. DNA ngeni ikikutwa karibu na mkatiko, nayo huungwa humo. Mwaka 2016 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba mimea ya Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio ya maabara, isiyo na kimeng'enya kimoja cha ukarabati, polimerasi theta, haikupachika DNA ya Agrobacterium iliyoingizwa kupitia maua. Na ushonaji wenyewe ni wa haraka: herufi chache za DNA hupotea pembeni, nyingine huongezeka, pengine nakala mbili au tatu hufuatana, pengine kipande cha plasmidi ambacho hatukukitaka huingia nacho. Kwa hiyo huniuma kusikia watu wa upande wangu wakiwaambia wakulima kwamba kwa njia hii jeni huwekwa mahali hasa ilipopangiwa. Siyo kweli. Mahali hatupachagui, tunachochagua ni mmea, baada ya kupima mingi.

Hata ikishashonwa, seli inaweza kuinyamazisha. Mwaka 1990 huko California waliongeza kwenye petunia jeni ya kutengeneza rangi ya maua, wakitaka zambarau iliyokolea zaidi. Baadhi ya mimea ilitoa maua meupe, mingine yenye mabaka. Jeni iliyoongezwa na ile ya asili zote zilikuwa zimezimwa. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe, Uingereza, walipata kwenye mimea iliyonyamazisha jeni vipande vifupi vya RNA, molekuli ndugu ya DNA, vya herufi kama 25, vinavyolingana na jeni iliyonyamazishwa. Ni kinga ileile ambayo mmea hutumia dhidi ya virusi.

Shangazi yangu wa Muheza aliposikia haya alisema, "Basi mwanangu, mimi hivyo vyenu sili." Nilimwambia viazi vitamu ameshavila miaka yote. Mwaka 2015 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, na kituo cha kimataifa cha viazi cha Lima, Peru, walipima sampuli 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, na zote zilikuwa na kipande cha DNA ya Agrobacterium, kilichoingia bila mkono wa maabara. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mihogo nayo ni hivyo.

Swali zuri, kwa sababu mihogo ndiyo kazi yangu hasa, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaozesha mihogo ya shamba la shangazi. Tumbaku hutoa mbegu: nikiziotesha kwenye kanamaisini, dawa inayochujua miche isiyobeba DNA yetu, na miche mitatu kati ya kila minne ikabaki kijani, najua DNA imekaa mahali pamoja. Muhogo tunaupanda kwa pingili, kipimo hicho hakipo. Hivyo kila mche unaochipua kwenye chupa natoa DNA yake, nahesabu nakala, natafuta mabaki ya plasmidi, na wenye nakala zaidi ya moja nautupa hata kama majani yake yanapendeza.