Kufungasha sabuni iliyotengenezwa kwa mkono, kwa hali ya hewa ya Dodoma

Kabla hujaingia dukani kununua karatasi, pima sabuni. Kipande kilichokatwa leo bado kina maji mengi, na kwa ukavu wa Dodoma, hasa Mei hadi Novemba, maji hayo yanatoka na kipande kinasinyaa. Ukikifunga wiki ya pili, baadaye utepe wa lebo unalegea na kuchomoka, na uzito ulioandika unakuwa uongo: gramu 115 zinaweza kushuka hadi 100. Ziache sabuni zikomae wiki 4 hadi 6 kwenye chanja, kivulini, ukipima kipande kilekile kila wiki. Kikipungua chini ya gramu 1 kwa wiki, funga, na uandike uzito huo wa mwisho.

Nailoni inang'aa, ndiyo maana wengi wanaikimbilia. Kwa sabuni ya alizeti, mafuta yanayopatikana kirahisi hapa na Singida, siipendekezi. Inanasa unyevu uliobaki, na mzigo ukishinda kwenye buti ya basi la Dar, sabuni inafika imetoa jasho. Nailoni angavu pia inapitisha mwanga, na alizeti huchacha upesi: yanatokea madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyokaa sana. Manukato hayaifichi harufu hiyo.

Utepe mtupu wa karatasi ni rahisi na unaacha harufu nzuri imfikie mnunuzi, ila vumbi jekundu la kiangazi linaganda kwenye ncha zilizo wazi. Kwa meza ya sokoni Majengo, funika kipande chote kwa karatasi nyembamba isiyopitisha mafuta, kisha zungushia utepe wa kaki. Weka kipande kimoja wazi cha kunusa.

Vipimo: kipande cha sentimita 8 × 5.5 × 2.5 kina mzunguko wa sentimita 16 (5.5 + 2.5, mara mbili). Ongeza 1.5 ya kupishana, inakuwa 17.5. Karatasi moja ya A4, ukiikata kwa upana wa sentimita 4.9, inatoa tepe 6, na kila utepe unabaki na ziada ya kupunguza.

Gundisha karatasi kwa karatasi. Stika iliyobandikwa moja kwa moja kwenye sabuni hubanduka. Tumia gundi ya kijiti, maana ya maji inakunja karatasi. Chapa kwa printa ya leza: wino wa maji unachujuka mteja mwenye mikono mibichi akishika, na cha kwanza kupotea huwa namba yako ya simu.